Ndege hupoteaje jangwani? Tazama upepo wa Turkana

Sisi wa Pwani tumezoea habari za chombo kutoka na kisirudi. Bahari haina alama, na nahodha aliyepotea tunamwombea, tunaendelea na maisha. Lakini tukiambiwa kwamba ndege nzima, yenye injini na mabawa na rubani wake, imepotea juu ya nchi kavu, tena nchi isiyo na msitu, hapo maneno huanza: imetekwa, imeuzwa, kuna jambo limefichwa. Mara nyingi hakuna lililofichwa. Ndege hupotea jangwani kwa sababu ilikwenda pasipodhaniwa, na waliotumwa kuitafuta wakaitafuta pale ilipodhaniwa.

Turkana ni pahala pazuri pa kulielewa jambo hili. Kaunti hiyo ina zaidi ya kilomita mraba 68,000. Kaunti ya Mombasa ingeingia humo mara 300 na nafasi ikabaki. Makao makuu yake ni Lodwar, kando ya mto Turkwel. Wazee wetu wanalikumbuka jina hilo kwa sababu serikali ya kikoloni ilimpeleka Mzee Jomo Kenyatta huko mwaka 1959, baada ya kifungo cha Lokitaung. Walijua wanachofanya. Mtu aliyewekwa Lodwar hakuhitaji ukuta mrefu.

Kutoka Lodwar kwenda Kakuma ni kaskazini-magharibi, kama kilomita 105 kwa mstari ulionyooka angani. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, na tangu hapo ndege za mashirika ya misaada hutua na kuruka katika kiwanja chake. Mbele zaidi, Lokichoggio, mpakani na Sudan Kusini, palikuwa kituo kikuu cha ndege za chakula za Operation Lifeline Sudan kuanzia mwaka 1989. Kwa hiyo hii si nchi ambayo ndege ni kitu kigeni. Watu wanazitegemea kwa dawa, kwa wagonjwa mahututi, kwa mishahara na kwa mitihani ya watoto.

Kisa cha kupotea kinachojulikana zaidi Turkana ni cha mashua. Mwaka 1934 Mwingereza Vivian Fuchs, yule ambaye baadaye alivuka bara la Antaktika, aliongoza msafara wa kisayansi kwenye ziwa ambalo wakati huo liliitwa Rudolf. Wenzake wawili, Martin na Dyson, walivukia Kisiwa cha Kusini ili kukichunguza. Hawakurudi. Miili yao haikupatikana, na hadi leo hakuna aliyethibitisha walifia kisiwani au majini. Miaka 90 imepita.

Anayeshukiwa zaidi ni upepo, na upepo huo ni jamaa yetu. Hewa itokayo Bahari ya Hindi, ile inayotuletea kusi, huingia bara ikakuta milima ya Ethiopia upande mmoja na nyanda za juu za Kenya upande wa pili. Katikati pana uwazi mmoja tu wa nchi ya chini, kutoka Marsabit kupita ziwani hadi pande za Lodwar. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole, maji huruka kwa nguvu. Upepo nao hufanya hivyo hivyo. Wanasayansi wa hali ya hewa wameupa jina la mkondo wa Turkana. Huvuma kutoka kusini-mashariki mwaka mzima, hata wakati kwetu ni kaskazi, na hushika kasi zaidi usiku na alfajiri. Ndiyo sababu mitambo 365 ya umeme wa upepo imesimamishwa upande wa mashariki wa ziwa, karibu na Loiyangalani, yenye uwezo wa megawati 310. Wawekezaji hawakuichagua sehemu ile kwa uzuri wa mandhari.

Sasa mweke rubani ndani ya upepo huo. Tuseme ndege yake ndogo huenda kilomita 200 kwa saa, na upepo unavuma kilomita 40 kwa saa. Akitoka Lodwar kwenda Kakuma, upepo unamsukuma mgongoni: atafika kwa dakika 26 hivi. Akirudi unampiga usoni, na safari ile ile itamchukua dakika 39. Mafuta aliyopima kwa kuangalia alivyokwenda hayatamtosha ikiwa alipima kwa ubahili. Na akielekea kaskazini badala yake, kwenda Lokitaung, upepo humpiga ubavuni na kumsogeza magharibi kidogo kidogo bila yeye kuhisi. Pua ya ndege inaelekea kaskazini, dira inasema kaskazini, lakini ndege yenyewe inakwenda upande. Mabaharia wetu wanalijua hili vizuri: chombo huelekea kule unakokielekeza, lakini mkondo nao una safari yake.

Siku hizi rubani ana GPS inayomwonyesha alipo hasa, na kosa la namna hiyo ni nadra. Zamani alikuwa na dira, saa na ramani. Vumbi likipanda, mito mikavu ya mchanga hufanana yote, na kilima kimoja cha mawe meusi hakina tofauti na cha pili.

Visa viwili kutoka Sahara vinaonyesha mwisho wake. Aprili 1933 rubani Mwingereza Bill Lancaster aliondoka Reggane, Algeria, usiku, akijaribu kuvunja rekodi ya kuruka kutoka Uingereza hadi Cape Town. Injini ikazima. Aliokoka katika ajali hiyo, akakaa kando ya ndege yake kama inavyofundishwa, akachoma vipande vya kitambaa chake usiku ili aonekane, na akaandika shajara kwa siku nane hadi akafa kwa kiu.  Wanajeshi wa Kifaransa waliokuwa doria walimkuta Februari 1962, miaka karibu 29 baadaye, shajara ikiwa bado inasomeka.

Cha pili ndicho kinachoniumiza zaidi. Tarehe 28 Juni 1942, wakati wa vita nchini Misri, rubani Dennis Copping, kijana wa miaka 24, alipewa kazi ndogo: kuipeleka ndege yenye hitilafu kutoka kiwanja kimoja hadi kingine ikatengenezwe. Safari fupi. Alishika uelekeo usiokuwa, na rubani mwenzake aliyekuwa naye angani akamwashiria bila mafanikio. Akaenda zake. Mwaka 2012 mfanyakazi wa kampuni ya mafuta kutoka Poland alikuta ndege ile jangwani, mamia ya kilomita kutoka mji wowote, ikiwa imetua kwa tumbo na karibu nzima. Parashuti ilikuwa imetandazwa kando kama kivuli cha jua. Redio ilikuwa imetolewa nje, ishara kwamba alijaribu kuitumia. Yeye mwenyewe hakuwepo. Alishuka akiwa hai, akaketi kivulini, kisha akaondoka kwa miguu, na hapo habari yake inakatika.

Aliyekaa alikufa na aliyeondoka alikufa. Lakini aliyekaa alipatikana, na familia yake ikapata kusoma maneno yake ya mwisho.

Mtu atauliza: kwani hawakutafutwa? Hesabu ya utafutaji ndiyo inayoshinda watu. Kama mahali pa mwisho ndege ilipojulikana kuwa ni hapa, na inaweza kuwa imefika popote ndani ya kilomita 50, eneo la kutazama ni karibu kilomita mraba 7,850. Ongeza hadi kilomita 100, na eneo halizidi mara mbili, linakuwa mara nne: zaidi ya 31,400, karibu nusu ya Turkana yote. Na yule anayetazama kutoka juu hatafuti ndege kama ile aliyoiona uwanjani. Anatafuta vipande vya bati katikati ya mawe yanayong'aa jua la saa sita, au chini ya mathenge, ule mti wa miba uliokuja kama dawa ya jangwa ukageuka balaa, na ambao umefunga kingo za mito Lodwar na Kakuma kote.

Kuna chombo cha kusaidia. Ndege nyingi hubeba kifaa kinachotuma mawimbi ya 406 MHz kikipata kishindo, na setilaiti za mpango wa Cospas-Sarsat huyapokea na kukadiria mahali. Ni kitu kizuri, ila antena ikikatika, au moto ukikila, kinanyamaza. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo ya FlySax iliyotoka Kitale, mji ambao ndio mlango wa kwenda Turkana, ikielekea Nairobi, ilipotea ikiwa na watu 10. Ilichukua siku mbili kuyapata mabaki yake katika milima ya Aberdare, na hakuna aliyepona. Siku mbili, na hapo ni karibu na mji mkuu.

Bahari angalau hurudisha kitu. Ile ndege ya Malaysia, MH370, iliyopotea Machi 2014 na watu 239, ilitafutwa upande wa Australia kwa mamilioni ya dola. Kipande kikubwa cha bawa lake kikaja kupatikana Pemba mwaka 2016, kimeletwa na maji. Jangwa halileti kitu mlangoni kwa mtu. Linasubiri apite mtu kwa shughuli zake, mwanajeshi wa doria au fundi wa mafuta.

Kwa Turkana mtu huyo ni mchungaji. Yeye ndiye anayetembea pale kila siku na mbuzi na ngamia wake, anazijua nyayo ngeni, na husikia injini iliyobadilika sauti. Kwa maoni yangu, ndege ikichelewa kati ya Lodwar na Kakuma, tangazo la Kiturkana redioni na simu kwa machifu katika saa ya kwanza vina thamani sawa na helikopta, tena ni rahisi. Lakini kwa kawaida wenyeji huulizwa mwisho, wakati wataalamu wameshachoka.

Haraka hiyo si ya kumwokoa rubani pekee. Kwa sheria ya Kenya, kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi, mtu ambaye hajasikika kwa miaka saba na wale waliotarajiwa kupata habari zake huchukuliwa kuwa amekufa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Miaka saba bila mwili ni miaka saba mirathi inaweza kukwama, akaunti isifunguliwe, mke asijulikane ni mjane au ni mke wa mtu. Familia za wavuvi wetu zinalifahamu jambo hili kuliko mwanasheria yeyote.

Mifupa iliyookotwa si mbali na ndege ya Copping haikuthibitishwa kuwa ni yake. Jina lake limebaki kwenye ukuta wa kumbukumbu wa El Alamein, pamoja na wale wasio na kaburi linalojulikana.