Bei ya Mchezaji: Utangulizi

Julai 2013, Southampton ya Uingereza iliilipa Celtic pauni milioni 12.5 kumchukua Victor Wanyama, kiungo mkabaji wa Harambee Stars. Miaka miwili kabla ya hapo, Celtic ilikuwa imemtoa Ubelgiji kwa takribani pauni laki tisa. Je, Southampton walipigwa? Kitabu hiki kimeandikwa kwa wapenda ubishi wa namna hii, na kinashikilia jambo moja: bei huhukumiwa kwa yale mnunuzi aliyoweza kuyajua siku ya kusaini.

Tuanze na daftari. Mwaka 2016 Southampton walimuuza Wanyama kwa Tottenham kwa takribani milioni 11. Ukiacha mshahara, misimu yake 3 iliwagharimu milioni moja na nusu tu. Tottenham nao walifaidi msimu mmoja mzuri, kisha goti likamsumbua, na Machi 2020 akaenda Montreal bila ada. Mchezaji ni yule yule. Hesabu ni mbili tofauti.

Taaluma inayochunguza hesabu za namna hii huitwa uchumi wa michezo. Wengi huihesabu tangu 1956, Simon Rottenberg alipochapisha makala kuhusu soko la ajira la wachezaji wa besiboli. Hadi leo besiboli hutupa mifano mikali. Mwishoni mwa 2022, New York Mets walimpa Edwin Díaz mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 102. Díaz ni mrushaji wa akiba: huingizwa mechi ikikaribia kwisha, alinde ushindi. Msimu huo alikuwa amerusha vipindi 62, ilhali timu hucheza zaidi ya 1,400 kwa msimu. Anaonekana ghali, mpaka ukumbuke kwamba vipindi vyake ndivyo vinavyoamua mechi zilizobana. Machi 2023 aliumia goti akishangilia ushindi wa timu yake ya taifa, Puerto Rico, akakosa msimu mzima. Hakuna mhasibu ambaye angelitabiri shangwe lile. Lakini kwamba mwili wa mrushaji ni dhaifu, na miaka 5 ni mingi, hilo lilijulikana kabla ya wino kukauka.

Kuna mtego mwingine, ambao mkulima wa Nyeri ataufahamu upesi. Kwenye mnada wa kahawa, wanunuzi huonja sampuli ile ile, kila mmoja akakadiria kivyake. Anayeondoka na mzigo ni aliyekadiria juu kuliko wote, na mara nyingi ndiye aliyekosea zaidi. Mwaka 1971 wahandisi 3 wa mafuta walieleza balaa hili katika zabuni za visima. Klabu zinazogombea mchezaji mmoja huangukia humo humo, hasa akiwa ametoka kung'ara usiku mmoja mkubwa, kama Wanyama alipoifunga Barcelona Novemba 2012.

Sura zinazofuata zitakuzoesha kuuliza maswali 3. Angekosekana yeye, nani angecheza, na kwa bei gani? Sifa yake imejengwa kwa mechi ngapi? Hatari ya kuumia inabebwa na nani?

Huhitaji mamilioni ili ujifunze. Timu ya mtaani ikileta mamluki kutoka Karatina kucheza fainali uwanjani Ruring'u, andika nauli yake, posho yake na jina la kijana aliyewekwa benchi kwa ajili yake. Andika kabla ya kipenga cha kwanza, maana baada ya mechi kila mtu huwa mtaalamu.