Je, Yawezekana Kuiongoza Ndoto Mara Tu Baada ya Kusinzia?

Saa nne ya usiku taa za bweni huzimwa. Mwanafunzi aliyesikia kwamba mtu aweza kuota huku akijua kuwa anaota hujinyoosha kitandani, hufumba macho, na kuazimia kuingia ndotoni akiwa na fahamu zake zote. Mbele ya macho yaliyofumbwa hupita mianga, nyuso za watu asiowajua, kipande cha barabara. Mara hudhani anaanguka, mguu hushtuka, naye huwa macho tena. Au hashtuki kabisa, na akumbukacho baada ya hapo ni kengele ya asubuhi. Juma likipita, huacha jaribio lake, akiamini ama kwamba habari aliyosikia ni uzushi, ama kwamba yeye hakujaliwa kipawa hicho. Yote mawili si kweli. Aliyekosea si yeye bali saa aliyoichagua, na sababu yake imo katika mpango wa usingizi wenyewe.

Ndoto yathibitishwa maabarani

Ndoto ambayo mwotaji wake hutambua kwamba anaota yaweza kuitwa ndoto ya kujitambua. Mfaransa Hervey de Saint-Denys alichapisha kitabu juu ya ndoto na njia za kuziongoza mwaka 1867, na daktari wa Kiholanzi Frederik van Eeden akazieleza ndoto hizi kwa kirefu mwaka 1913. Hata hivyo, kwa miaka mingi wanasayansi wengi hawakusadiki. Hoja yao ilikuwa na uzito: habari za ndoto hutolewa na mtu aliyekwisha kuamka, ni nani basi awezaye kuthibitisha kwamba wakati huo hakuwa macho kwa kitambo kidogo?

Njia ya kulijibu swali hilo ilifunguliwa mwaka 1953. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba mara kadhaa kila usiku macho ya mtu aliyelala huchezacheza kwa kasi chini ya kope, na kwamba wengi waamshwao wakati huo husimulia ndoto. Baadaye ilidhihirika pia kwamba katika usingizi huo wa ndoto misuli ya viungo hulegea kama iliyopooza, hata mwotaji asiweze kuyatenda kwa mwili yale ayatendayo ndotoni. Miongoni mwa misuli michache isiyofungwa ni ile ya macho na ile ya kuvutia pumzi.

Ikiwa macho hayafungwi, basi mwotaji anayejitambua aweza kuyatumia kupeleka ishara. Mwaka 1975 Keith Hearne wa Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, alilijaribu jambo hilo. Mtu aliyelala maabarani alipotambua kwamba anaota, aligeuza macho kushoto na kulia mara kadhaa kama walivyokuwa wamepatana. Mashine ikaiandika ishara hiyo, huku mawimbi ya umeme wa ubongo na ulegevu wa misuli vikionyesha kwamba bado amelala. Stephen LaBerge wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipata matokeo ya namna hiyo hiyo, akayachapisha mwaka 1981.

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walipiga hatua nyingine: waliwauliza maswali watu waliokuwa ndotoni. Mmoja alipoulizwa nane ukitoa sita hubaki ngapi, aliyageuza macho mara mbili. Majibu sahihi yalikuwa chini ya moja katika kila maswali matano, lakini yalitosha kuonyesha kwamba mwotaji aweza kusikia, kufikiri na kujibu bila ya kuamka.

Mpango wa usiku

Kiswahili kina maneno yanayoelekeana vizuri na hatua za usingizi zilizopimwa na wataalamu. Hatua ya kwanza ni mang'amung'amu, ile hali ya kuwa nusu macho na nusu usingizini. Kwa kawaida hudumu dakika chache tu. Hapa ndipo ilipo mianga na nyuso alizoziona mwanafunzi, nazo aghalabu hutokana na shughuli za mchana. Mwaka 2000 Robert Stickgold na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwapa watu mchezo wa kompyuta uitwao Tetris, ambao mchezaji hupanga vipande vinavyoanguka. Zaidi ya nusu yao waliviona vipande hivyo walipokuwa wakisinzia. La kustaajabisha zaidi, waliviona hata baadhi ya wagonjwa waliopoteza uwezo wa kuhifadhi kumbukumbu mpya, watu ambao hawakukumbuka kuwa waliwahi kuucheza mchezo huo.

Picha hizi, hata ziwe dhahiri namna gani, huwa bado si ndoto kamili. Mtu huzitazama, lakini mara nyingi yeye mwenyewe hayumo ndani yake, wala hazifuatani kama kisa.

Baada ya mang'amung'amu usingizi huzidi kuwa mzito hadi kufikia usingizi wa pono. Mawimbi ya ubongo huwa makubwa na ya polepole, na kumwamsha mtu huwa ni kazi. Usingizi huu huchukua sehemu kubwa ya theluthi ya kwanza ya usiku, kwa maana hitaji la kulala lililolimbikizwa mchana kutwa hutimizwa kwanza. Ni baada ya dakika 90 hivi ndipo usingizi wa ndoto unapofika kwa mara ya kwanza, nao hudumu dakika chache tu. Mzunguko huu hurudiwa mara nne au tano kwa usiku. Kila unaporudi, usingizi wa pono hupungua na ule wa ndoto hurefuka, hata kuelekea asubuhi huweza kufikia nusu saa au zaidi.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyesinzia saa nne na robo hafikii usingizi wa ndoto kabla ya saa sita kasorobo hivi, na kati yake na mlango huo kuna usingizi wa pono. Kuushikilia ufahamu katika masafa yote hayo ni jambo lililo karibu na muhali.

Wako watu wasiofuata kanuni hii. Wagonjwa wa narkolepsia, maradhi ya kulemewa na usingizi mchana, huweza kuingia katika usingizi wa ndoto ndani ya dakika 15 tangu kusinzia. Nao husimulia ndoto za kujitambua mara nyingi kuliko watu wengine. Tofauti yao yaithibitisha kanuni: panapokuwa na usingizi wa ndoto karibu, ndipo jaribio hufaulu.

Saa ifaayo, na jinamizi

Kwa mtu mzima wa afya, saa hiyo ni alfajiri. Aliyelala saa tano au sita, akaamka mwenyewe kwa muda mfupi, akaikumbuka ndoto yake na kuazimia kuitambua ijayo, hana masafa marefu ya kwenda anaporudi kulala. Hata hivyo, hakuna ahadi. Uchunguzi wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti za miaka mingi ulikadiria kwamba watu 55 katika kila 100 wamewahi kuota ndoto ya kujitambua walau mara moja, na 23 huiota kila mwezi au zaidi.

Ajaribuye hana budi kujua habari za jinamizi. Fahamu zikirejea kabla ulegevu wa misuli haujakwisha, mtu hujiona yu macho lakini hawezi kujigeuza, na pengine huhisi uzito kifuani au kiumbe kilichosimama chumbani. Wengi wamelihesabu jambo hili kuwa kazi ya pepo au wachawi, kumbe ni sehemu mbili za usingizi zilizopishana. Hupita lenyewe baada ya sekunde au dakika chache. Huwapata zaidi wasiolala vya kutosha. Anayepatwa mara kwa mara yafaa amwone daktari.

Hapa ndipo suala linapomgusa kila mwanafunzi, awe anajali ndoto au la. Kijana huhitaji saa nane hadi kumi za usingizi. Alalaye saa nne na kuamka saa kumi ili adurusu hupata saa sita tu, na alichokikata zaidi ni usingizi wa ndoto, kwani sehemu yake kubwa huwa mwishoni. Vivyo hivyo anayejiamsha kila usiku kwa kutafuta ndoto huuharibu usingizi anaotaka kuuchunguza.

Liko zoezi lisilomnyima mtu usingizi, ambalo mwalimu aweza kulitoa darasani. Kila mwanafunzi aweke daftari kando ya kitanda kwa majuma mawili. Aandike saa aliyolala, saa aliyoamka, na alichokiona: je, ilikuwa picha iliyopita tu, au kisa alichokuwamo? Madaftari yakilinganishwa, darasa litaona lenyewe ni sehemu ipi ya usiku inayoleta ndoto, na kwa nini yule wa saa nne hakufanikiwa.