Cheti cha Fundi wa Bodi za Magari

Mvua iletayo neema ya majani ya chai katika nchi ya Kericho na Bomet ndiyo pia iletayo kutu katika mabati ya magari. Malori yachukuayo majani mabichi kwenda viwandani, katika njia za Litein, Kapkatet na Mogogosiek, hupita katika matope na mashimo. Kwa hiyo kazi ya kunyoosha bodi za magari haipungui.

Wengi wa mafundi wa kazi hiyo hawakusomea chuoni. Walianza wakiwa wanagenzi, wakishika nyundo na msasa chini ya fundi mkubwa, hata wakaijua kazi. Mikono yao ni hodari, lakini wakiulizwa vyeti vyao, hawana cha kuonyesha. Ndipo mwajiri ampitapo fundi wa miaka kumi akamwandika kijana aliyetoka chuoni jana.

Dawa ya jambo hili ipo. Mafunzo ya ufundi si mapya nchini Kenya: chuo cha Kabete kilianzishwa mwaka 1924 ili kuwafundisha Waafrika kazi za mikono. Leo Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, ijulikanayo kwa jina la NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya madaraja matatu. Mtu huanza daraja la tatu, kisha la pili, na la kwanza ndilo la juu. Hata fundi aliyejifunzia gereji aweza kujiandikisha, akapimwa kwa kazi ya mikono yake.

Lakini cheti si karatasi ya kutundika ukutani tu. Fundi aliyefundishwa hupima fremu ya lori lililogongwa kwa mshazari, pembe hata pembe. Vipimo viwili visipolingana, ajua kwamba fremu imepinda, ingawa kwa macho yaonekana imenyooka. Hufungua waya za betri kabla ya kuchomelea kwa umeme. Ajua kwamba chuma kigumu cha magari ya siku hizi kikipashwa moto mno hupoteza nguvu. Huvaa kinyago kifaacho apulizapo rangi yenye dawa ya kukazia, maana mvuke wake hudhuru mapafu.

Asiyejua hayo hufunika kosa kwa puti na rangi. Gari hung'aa, na mwenyewe hulipa kwa furaha. Kosa hufichuka siku ya ajali, nao waliomo ndani ndio walipao.

Wazee walisema kizuri chajiuza. Lakini uzuri wa kazi hii umefichwa chini ya rangi, hauwezi kujiuza peke yake, wahitaji shahidi. Basi mwenye gari na aulize cheti kabla ya kuuliza bei. Mwenye gereji naye na awape wanagenzi wake nafasi ya kwenda kupimwa. Wala fundi mwenye mvi asione haya kufanya mtihani pamoja na vijana: hautamfundisha kushika nyundo, bali utawathibitishia watu kwamba aijua kazi yake.