Nyuki wa Mzinga Mmoja, Baba Wengi

Leo tunazungumza juu ya mbegu ya nyuki. Wewe mkulima wa Bugarama unajua kuchagua mbegu ya mahindi, na unajua fahali yupi anafaa kundi lako la ng'ombe. Lakini mbegu ya nyuki huichagui. Unatundika mzinga mtupu juu ya mti, umeupaka nta ndani, kisha unangoja kundi la porini liingie lenyewe. Maana yake ni kwamba asali yako inategemea makundi ambayo hukuyafuga na pengine hujapata kuyaona. Hayo yakipungua, mizinga itakaa mitupu, na makundi machache yatakayoingia yatakuwa dhaifu. Hebu tuone kwa nini.

NYUKI DUME HANA BABA

Ndani ya mzinga yumo malkia mmoja, vibarua maelfu ambao wote ni majike, na madume kiasi. Yai likipata mbegu ya dume hutoka jike. Yai lisilopata mbegu hutoka dume. Basi, nyuki dume hana baba, ila babu anaye!

Malkia kijana hapandwi mzingani. Siku chache baada ya kuzaliwa huruka na kwenda angani, mahali ambapo madume kutoka makundi mengi hukusanyika. Huko hupandwa na madume kumi hadi ishirini hivi, na kila dume hufa baada ya kumpanda. Mbegu zao malkia huziweka akiba tumboni na kuzitumia maisha yake yote. Ndiyo sababu vibarua wa mzinga mmoja huwa na mama mmoja na baba wengi.

FAIDA YA BABA WENGI

Chukua mfano wa joto. Majana yanataka joto la nyuzi 35 hivi. Jua likiuchoma mzinga, vibarua hupiga mabawa ili kupoza. Watoto wa baba huyu huanza kupepea mapema, wa baba yule hungoja joto lizidi kidogo. Kazi inapokezanwa. Kama wote wangekuwa wa baba mmoja, wangeanza pamoja na kuacha pamoja, na joto lingepanda na kushuka ovyo. Katika magonjwa ni vivyo hivyo: ugonjwa unaowashinda watoto wa baba mmoja huenda usiwashinde wa baba mwingine.

HASARA YA NDUGU KUPANDANA

Sasa tuseme pori lenu limebakiwa na makundi mawili au matatu. Malkia kijana atakutana na nani huko angani? Atakutana na kaka zake.

Nyuki huwa jike kwa sababu amepata chembe mbili za urithi zisizofanana, moja ya mama na nyingine ya baba. Zikifanana, yai lile hutoa dume asiyefaa kitu, na vibarua humla angali buu. Dume akiwa na chembe sawa na mojawapo ya zile za malkia, nusu ya watoto ambao wangekuwa vibarua wake hupotea hivyo.

Tazama sega la majana. Sega zuri limejaa mfululizo. Sega la ndugu waliopandana lina vitundu vitupu vilivyotapakaa. Lakini magonjwa nayo huleta vitundu kama hivyo, kwa hiyo mwonyeshe Bwana Nyuki kabla ya kuamua. Vibarua wakipungua, na asali hupungua.

NYUKI WETU WA NYIKA

Mwaka 1961 F. G. Smith, mtaalamu wa nyuki aliyefanya kazi Tanganyika, alieleza habari za nyuki weusi wa milima kama Kilimanjaro na Meru, na nyuki wadogo wa pwani. Wetu wa Shinyanga na Geita ni nyuki wa nyika. Maua yakiisha huhama, tena hugawanyika mara kwa mara, na kwa kuhamahama huko damu huchanganyika. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha nyuki wa milimani na wa nyika. Chembe zao za urithi zilifanana karibu zote, isipokuwa sehemu mbili kubwa zilizotofautiana sana. Wataalamu wanaona kwamba sehemu hizo zinahusika na maisha ya milimani.

Mchanganyiko huu ni ngao. Kupe wa nyuki aitwaye varoa ameua makundi mengi Ulaya na Marekani. Taarifa ya kuonekana kwake Kenya na Tanzania ilichapishwa mwaka 2010, lakini nyuki wetu kwa jumla wanamstahimili bila dawa.

UFANYE NINI?

Miti inakatwa kwa mkaa, kwa kukausha tumbaku, na kwa matimba ya kushikilia mashimo ya dhahabu. Mti mkubwa wenye pango ndio nyumba ya kundi la porini. Kwa hiyo:

1. Usirine kwa kuchoma nyuki moto. Tumia bomba la moshi, toa masega ya asali, acha majana na akiba ya chakula.

2. Mti wenye pango la nyuki usiukate. Waelezeni na wakata matimba.

3. Tunza ngitili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, uliwahimiza wananchi kuzirudisha ngitili zao. Humo ng'ombe hupata malisho, na nyuki hupata maua na makazi.

4. Tundikeni mizinga mingi, wewe na jirani zako, ili madume wa makundi mbalimbali wakutane.

5. Ukinyunyizia pamba dawa, nyunyizia jioni nyuki wakisharudi.

6. Usilete malkia kutoka nchi za nje, wala nyuki wa milimani. Wa hapa wameizoea nyika.

Ndugu mkulima, ukichoma kundi moja umepoteza pia madume ambao wangewapanda malkia wa jirani zako. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Nyuki wakiisha, tutamfuata nani?