Kuingiana Si Kufaana

Njia ya kupanda kutoka Voi hadi Mwanda ni mtihani mgumu kwa magari ya kale. Hata Peugeot 504, aina iliyoshinda mbio za Safari mwaka wa 1975 na 1978, huweza kupanda ikikohoa na kufuka moshi mweusi. Mwenyewe atasema injini imezeeka. Kumbe pengine kabureta imetiwa kijeti kilichong'olewa kwenye kabureta nyingine, kwa sababu tu hesi zimeingiana!

Kuingiana si kufaana. Kijeti cha Weber chenye nambari 130 kina tundu la milimita 1.30. Ukikitoa ukatia cha 140, eneo la tundu huongezeka kwa takriban asilimia 16, na petroli huzidi. Isitoshe, kadiri tunavyokwea kuelekea kilele cha Vuria, chenye kimo cha mita 2,208, hewa huwa hafifu. Injini huhitaji petroli pungufu, si ziada. Na vali ya boya isipolingana, petroli hufurika juu ya injini yenye moto. Hapo roho za abiria zimo hatarini.

Simlaumu fundi kwa kubadilisha vipuri, maana vipya ni adimu. Namlaumu asiyesoma nambari. Lakini ni nani aliyemfunza? Kanuni ya Bernoulli, iliyochapishwa mwaka wa 1738, wanafunzi huikariri ubaoni bila kuigusa. Walimu wenzangu, tutafute kabureta kuukuu, tuifungue mezani, wanafunzi wapime wenyewe. Elimu isiyoshika spana itampandishaje mtu mlima?