Cardano alijua hesabu ya kamari, lakini nyumba yake ndiyo iliyolipa

Wiki hii tunawaletea habari ya mtu wa zamani, wa nchi ya Italia, jina lake Girolamo Cardano. Alikuwa daktari, mwalimu wa hesabu, na mcheza kamari. Tumemchagua kwa sababu neno pari limekuwa la kila siku hapa Uvira. Vijana wanacheza kwenye nyumba za pari, wengine kwenye simu wakiwa wamekaa hapo hapo nyumbani, na mara nyingi franga wanazochezea zimetoka kwenye kapu la mama. Cardano ni kati ya watu wa kwanza duniani walioandika hesabu ya kamari. Pia anajulikana kwa namna kamari hiyo ilivyoiumiza familia yake.

Mtoto wa Chiara

Cardano alizaliwa mwaka 1501 katika mji wa Pavia. Mama yake, Chiara Micheri, alikuwa ameondoka Milan kwa sababu ya tauni, na watoto wake wakubwa watatu walikufa kwa ugonjwa huo. Wakati huo hakuwa ameolewa na baba wa mtoto, Fazio Cardano, mwanasheria aliyeijua sana hesabu na aliyemfundisha kijana wake.

Girolamo akasomea udaktari. Baba alipofariki mwaka 1524, urithi mdogo uliobaki ukaisha upesi, naye akaanza kutafuta riziki kwa karata, dadu na sataranji. Kwa kuwa alijua kuhesabu kuliko wenzake, alishinda mara nyingi. Ushindi huo wa mwanzo ukamfanya aione kamari kama kazi.

Mwaka 1531 akamwoa Lucia Bandarini. Chama cha madaktari wa Milan kilimkataa kwa sababu alizaliwa nje ya ndoa, basi kazi ikawa shida, akarudi kwenye kamari. Safari hii akashindwa vibaya. Aliweka rehani vito vya bibi yake, kisha vyombo vya nyumba. Mwisho wakajikuta katika nyumba ya maskini mjini Milan. Bwana ndiye aliyerusha dadu, lakini vitu vya bibi ndivyo vilivyotangulia kuondoka.

Baadaye aliinuka. Mwaka 1539 chama cha madaktari kilimkubali. Mwaka 1545 kitabu chake cha hesabu, Ars Magna, kilimpa jina Ulaya nzima. Mwaka 1552 aliitwa mpaka Scotland kumtibu askofu mkuu John Hamilton, aliyekuwa akiteswa na pumu, na askofu akapata nafuu. Lakini hata katika miaka ya heshima, kamari aliendelea nayo.

Alichogundua

Aliandika kitabu kizima juu ya michezo ya bahati, kwa Kilatini, kinachoitwa Liber de Ludo Aleae. Kilichapishwa mwaka 1663, miaka 87 baada ya kifo chake.

Wazo lake tunaweza kulieleza hivi: kabla ya kuzungumza bahati, hesabu kwanza njia zote ambazo mchezo unaweza kutokea. Dadu ni kijiwe chenye pande sita. Ukirusha dadu mbili, kuna njia 36. Njia ya kupata sita na sita ni moja tu. Ukirusha tatu, njia zinakuwa 216. Basi anayetafuta sita na sita, ili mchezo uwe wa haki, alipwe mara 36 ya alichoweka. Akilipwa chini ya hapo, mchezo unamla kidogo kidogo, hata kama leo ameshinda.

Tuichukue hesabu hiyo tuilete kwenye pari ya mpira. Tuseme mechi moja ina nafasi nusu kwa nusu. Aliyeweka franga 1,000 angestahili kurudishiwa 2,000. Lakini tikiti inaonyesha 1.90, maana yake atarudishiwa 1,900. Ile 100 inayokosekana ni ya mwenye nyumba ya pari.

Sasa kijana hapendi mechi moja. Anaunganisha 10 kwenye tikiti moja, kwa sababu anaona pesa nyingi mbele yake. Kila mechi ina njia mbili. Zidisha mbili kwa mbili mara kumi, utapata njia 1,024. Tuseme vijana 1,024 wa Kilibula na kartie za jirani wanacheza, kila mmoja na franga 1,000, kila mmoja na tikiti tofauti. Mwenye nyumba amekusanya 1,024,000. Kijana mmoja tu ameshinda, naye analipwa karibu 613,000. Huyo ndiye mtaa mzima utakayemzungumzia. Wale 1,023 wengine wananyamaza. Na mwenye nyumba amebaki na franga kama 411,000, yaani 40 katika kila 100, bila kujua chochote juu ya mpira.

Tulinganishe na likelemba yetu. Wamama 10 wakitoa franga 10,000 kila wiki, kila wiki mmoja anapokea 100,000. Baada ya wiki 10 kila mama amepokea zamu yake, na hakuna franga iliyopotea njiani. Pari nayo ni mchango, ila mpokeaji ni mmoja katika maelfu, na mtunza sanduku anakula karibu nusu.

Hesabu peke yake haikumwokoa

Mtu angefikiri aliyejua haya yote aliacha kucheza. Hapana. Katika kitabu chake mwenyewe alikiri kwamba faida kubwa iko kwa asiyecheza. Na alipoandika habari za maisha yake karibu na kufa, alikiri kwamba dadu ilimpotezea heshima, wakati na mali kwa miaka mingi.

Tena aliamini sana bahati na nyota. Mwaka 1552, akipita London, aliangalia nyota za mfalme kijana Edward wa Sita, akatabiri kwamba ataishi miaka mingi. Mwaka uliofuata mfalme akafa, akiwa na umri wa miaka 15. Mwanahesabu mkubwa kama huyo hakuweza kujua ya kesho. Basi anayemuuzia kijana wetu matokeo ya hakika ya mechi ya Jumapili, ameyatoa wapi?

Jambo linalotugusa zaidi sisi wazazi ni habari ya Aldo, mtoto wake mdogo. Aldo alikulia katika nyumba ambamo dadu na karata ni mambo ya kawaida. Naye akawa mcheza kamari, akafikia kumwibia baba yake pesa. Cardano akamshitaki mtoto wake mwenyewe, na Aldo akafukuzwa mjini Bologna. Baba alifariki Roma mwaka 1576.

Tunaweza kufanya nini

Wazee wanasema samaki mkunje angali mbichi. Kwanza, tukae na kijana tufanye naye ile hesabu ya tikiti kwa karatasi, tukianza na mechi moja. Anayeona mwenyewe zile 1,024 anaelewa kuliko anayepigiwa kelele.

Pili, kijana anayecheza tayari apewe daftari la kurasa mbili: pesa zilizotoka na pesa zilizorudi, kwa mwezi mmoja, bila kuficha. Wachezaji wengi wanakumbuka siku waliyoshinda tu.

Tatu, kapitali ya biashara isilale mahali ambapo kila mtu anaijua, na namba ya siri ya pesa za simu iwe ya mama peke yake. Kitu kikipotea nyumbani, redio au kitenge kipya, tuulize mapema. Mambo ya Lucia nayo yalianza kwa vito.

Nne, tusimwaibishe mtoto mbele ya watu. Anayeaibishwa huficha deni mpaka limemzidi. Na kama mchezaji ni bwana wa nyumba, tumshirikishe mtu mzima anayemheshimu, wakae naye wazungumze kwa upole, kwa sababu watoto wanamtazama yeye kwanza.

Katika mkutano ujao wa kila kundi, tunaomba mama anayejua kuandika achore hesabu hii ubaoni, ya pari upande mmoja na ya likelemba upande wa pili. Vijana waalikwe, na wao ndio wafanye mahesabu.