Rangi mpya ya gari, kadi ya zamani mpakani

BUGEMBE, Uganda

Magari yaendayo Busia na Malaba hupita Bugembe, nje kidogo ya katikati ya Jinja, usiku na mchana. Katikati ya malori ya makontena mna magari ya wafanyabiashara wadogo: Probox, Noah na Hiace zilizochubuka ubavuni kwa kugongwa na magunia na kreti. Wapo wenye magari wanaoamua kutokwenda kwa fundi. Hununua msasa, praima na tina, hukodi kompresa, kisha hupaka rangi uani kwao.

Kinachookolewa ni ujira wa fundi. Kinachoweza kupotea ni rangi yenyewe, afya ya mpakaji na shehena mpakani.

Kazi kubwa si kupuliza rangi bali kuandaa bodi. Gari huoshwa kwa sabuni hadi mafuta yote yatoke, kwa sababu penye mafuta rangi hukimbia na kuacha vijishimo. Kutu hukwanguliwa hadi kwenye bati safi, mabonde hujazwa puti, na puti husuguliwa kwa msasa namba 180 au 240. Juu ya praima hutumika msasa wa maji, namba 400 hadi 600. Vioo, taa na matairi hufunikwa kwa magazeti.

Uani kuna maadui wawili: vumbi jekundu na unyevu wa ziwa. Kumwagia ardhi maji kidogo hutuliza vumbi. Siku ya mvua ni afadhali kusubiri, kwani rangi inayokauka haraka kwa tina huweza kufanya ukungu mweupe. Bastola ya rangi hushikwa sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye bodi, na kila mpito hufunika nusu ya uliotangulia. Tabaka nyembamba tatu hushinda moja nene, ambayo huteremka michirizi.

Nyeupe humsamehe anayejifunza. Fedha ina chembe za metali, na mkono usiotulia huacha mawingu. Kwa Toyota, namba ya rangi ipo kwenye kibati ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, penye herufi C/TR: 040 ni nyeupe, 1F7 ni fedha. Muuza rangi akipewa namba hiyo hatabahatisha.

Rangi inayochanganywa na hadina ni suala jingine. Hadina nyingi huwa na kemikali za isosayaneti, ambazo huweza kuleta pumu, na barakoa ya kitambaa haizizuii. Kazi hiyo ni bora aachiwe fundi mwenye vifaa. Hata kwa rangi za kawaida, sigiri na watoto vikae mbali: mvuke wa tina hushika moto upesi.

Kisha kuna kadi ya gari. Rangi ni miongoni mwa mambo yanayoandikwa humo, na anayebadilisha nyeupe kuwa buluu anapaswa kuijulisha mamlaka ya usajili na kupata kadi iliyorekebishwa kabla ya kusafiri. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa mwaka 2018, kilipunguza vituo: msafiri hukaguliwa katika nchi anayoingia. Lakini ukaguzi mmoja si ukaguzi mlegevu. Kubadili rangi ni mbinu ya zamani ya wezi wa magari, hivyo gari la buluu lenye kadi ya nyeupe huzua maswali, na polisi wa barabarani nao wanaweza kuyauliza. Wakati namba ya chesisi inakaguliwa, nyanya haziachi kuiva.

Kwa hiyo anayepaka nyumbani hupata nafuu zaidi akirudia rangi ileile iliyo kwenye kadi. Anayetaka rangi nyingine aanzie ofisi ya usajili, ndipo aende dukani kununua msasa.